Namba, Herufi na Ritifaa: Jinsi Kompyuta Inavyoandika kwa Alama Mbili

1. Utangulizi

Kazi ya kusanifu istilahi humtaka afisa anayeifanya alielewe jambo kwanza, kisha ndipo alitafutie jina. Jina linalotolewa kabla ya jambo kueleweka hupotosha, na likishaenea ni taabu kulirudisha. Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja ambalo limeingia katika maisha ya kila siku ya wananchi bila kupata maelezo ya kutosha kwa Kiswahili. Jambo hilo ni namna kompyuta inavyohifadhi namba na maandishi kwa kutumia alama mbili tu. Tusemapo kompyuta twakusudia pia simu ya mkononi, maana nayo ni kompyuta.

Mashine hizi si ngeni nchini mwetu. Wizara ya Fedha ilifungiwa kompyuta ya kwanza mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilizuia kompyuta kuingizwa nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa miaka ya baadaye. Leo mashine ambayo zamani ilijaza chumba imo mfukoni mwa mkulima, mwalimu na muuza nyama.

Mifano yetu mingi tumeichukua Vingunguti, katika Wilaya ya Ilala, mjini Dar es Salaam, mahali panapojulikana sana kwa machinjio yake. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, mizani ya muuza nyama yaeleza hesabu ya kompyuta vizuri kuliko mfano mwingine tuujuao. Pili, neno litajwalo huko kutwa kucha, yaani ng'ombe, ndilo lenye tatizo ambalo mafundi wa mashine peke yao hawawezi kulimaliza, kwa kuwa ni tatizo la tahajia ya Kiswahili.

2. Mawe ya mizani

Muuza nyama mwenye mizani ya vitanga viwili huweka nyama katika kitanga kimoja na mawe ya mizani katika kitanga cha pili. Mawe yaliyozoeleka dukani ni ya nusu kilo, kilo moja, mbili, tano na kadhalika. Sisi hebu tumpe mawe mengine: moja la kilo 1, moja la kilo 2, moja la kilo 4, moja la kilo 8 na moja la kilo 16. Kila jiwe ni maradufu ya lililotangulia, wala hakuna mawili yenye uzito mmoja.

Je, mtu huyu aweza kupima kilo 13? Aweza, kwa kuweka jiwe la 8, la 4 na la 1. Kilo 22 je? Ataweka la 16, la 4 na la 2. Msomaji akijaribu mwenyewe ataona kwamba kila uzito kamili tangu kilo 1 hadi kilo 31 wapimika. Ataona vilevile kwamba kila uzito una njia moja tu ya kupimwa. Hakuna njia ya pili ya kuipata 13 kwa mawe hayo.

Sasa tuseme muuzaji ataka kumwandikia mwenzake mawe aliyoyatumia. Hana haja ya kutaja uzito wa jiwe lolote, maana wote wawili wanaujua mpangilio. Yatosha aanze na jiwe zito kuliko yote, aandike 1 kama jiwe limewekwa na 0 kama halikuwekwa. Kilo 13 ataziandika 01101, na kilo 22 ataziandika 10110. Huo ndio mfumo wa namba unaotumiwa na kompyuta, wala hauna siri nyingine zaidi ya hiyo.

Hata kujumlisha kwafuata mizani ile ile. Ikiwa hesabu imeleta mawe mawili ya kilo 4 katika kitanga kimoja, yaondolewe yote mawili na badala yake liwekwe jiwe moja la kilo 8. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufanya vivyo hivyo afikapo kumi na "kubeba moja" kwenda safu ya pili. Tofauti ni kwamba yeye hubeba afikapo kumi, na kompyuta hubeba ifikapo mbili.

Kupima kwa maradufu si jambo geni katika mwambao wetu. Vipimo vya nafaka vya Waswahili wa zamani vilikuwa kibaba, kisaga chenye vibaba viwili, na pishi yenye visaga viwili, yaani vibaba vinne. Mwenye kibaba kimoja, kisaga kimoja na pishi moja aliweza kupima tangu kibaba 1 hadi vibaba 7 pasipo kukitumia chombo chochote mara mbili. Hali kadhalika, wapiga ramli huchora maumbo yenye mistari minne, na kila mstari una nukta moja au nukta mbili. Maumbo hayo ni 16, wala hayawezi kuzidi, kwa kuwa mbili mara mbili mara mbili mara mbili huleta 16. Huko Ulaya, mtaalamu wa hisabati Leibniz alichapisha maelezo ya hesabu ya 0 na 1 mwaka 1703. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon alionyesha katika tasnifu yake kwamba swichi za umeme, ambazo ama zimefungwa ama zimefunguliwa, zaweza kufanya kazi ya mantiki na ya hesabu hiyo.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini mafundi hawakutengeneza mashine yenye hali kumi za umeme ili ifuate mazoea ya binadamu. Jibu ni usalama. Umeme hupanda na kushuka kidogo kwa sababu ya joto, umbali na mambo mengine. Kutofautisha viwango kumi vilivyokaribiana ni rahisi kukosea, lakini kutofautisha kuwapo na kutokuwapo si rahisi kukosea. Mashine yenye mabilioni ya swichi ndogo haiwezi kuaminika ila kila swichi ijibu swali jepesi kuliko yote: ndiyo au la.

Nafasi moja ya kujibu ndiyo au la huitwa biti. Biti nane kwa pamoja huitwa baiti. Baiti moja ni sawa na mawe manane: la 128, la 64, la 32, la 16, la 8, la 4, la 2 na la 1. Mawe hayo yakiwekwa yote hupima 255. Tukihesabu na hali ya kitanga kitupu, yaani 0, baiti moja ina miandiko 256.

3. Namba hasi na sehemu

Mizani yatusaidia pia kuzieleza namba zilizo chini ya sifuri. Mawe saba mepesi tuyaache katika kitanga chake, lakini jiwe la 128 tulihamishie upande wa pili, livute kinyume. Likiwekwa peke yake, jumla ni -128. Likiwekwa pamoja na mengine yote, ambayo jumla yake ni 127, inabaki -1. Kwa hiyo mwandiko 11111111 ambao mwanzo ulikuwa 255 sasa ni -1. Swichi ni zile zile, zimekaa vile vile. Kilichobadilika ni mapatano kuhusu jiwe moja. Jambo hili tulishike, maana tutalihitaji tena mbele: alama zenyewe hazisemi maana yake, bali maana hutokana na mapatano ya wanaozitumia.

Ama sehemu, hizo huandikwa kwa kuendelea na mpangilio upande wa chini: nusu, robo, thumuni, nusu ya thumuni, na kadhalika. Hapa pana kasoro ambayo wahasibu yawapasa kuijua. Sehemu moja ya kumi haipatikani kamili kwa mawe hayo. Tukichukua moja ya 16 na moja ya 32 twapata 0.09375. Tukiongeza moja ya 256 na moja ya 512 twafika 0.099609375. Twaweza kuendelea hivyo tukiikaribia siku zote, wala hatutaifikia. Ndiyo maana watunga programu waangalifu huhesabu fedha kwa senti nzima nzima, wala hawaandiki shilingi zenye sehemu kwa mfumo huu.

4. Kutoka namba hadi herufi

Namba ina kiasi, kwa hiyo yaweza kupimwa kwa mawe. Herufi haina kiasi. Hakuna uzito wa b wala wa m. Basi mashine isiyojua ila kuweka na kutoweka mawe itaandikaje neno?

Njia ni moja tu: watu wakae, wapange orodha, wakubaliane kwamba kila herufi iwe na namba yake. Orodha ya namna hiyo twaiita msimbo. Msimbo ulioenea sana ni ule wa Marekani uitwao ASCII, uliotolewa mwaka 1963; toleo lake la mwaka 1967 ndilo lililoweka herufi ndogo. Una nafasi 128, ambazo zatosha kwa biti saba. Kwa msimbo huo neno ng'ombe huandikwa hivi, kila alama ikichukua baiti moja:

n: 110, yaani 01101110
g: 103, yaani 01100111
': 39, yaani 00100111
o: 111, yaani 01101111
m: 109, yaani 01101101
b: 98, yaani 01100010
e: 101, yaani 01100101

Msomaji atazame mstari wa pili na wa tatu. Herufi g na alama inayoifuata zatofautiana kwa jiwe moja tu, la 64. Hili halitokani na undugu wowote wa sauti. Ni jinsi orodha ilivyopangwa. Lakini herufi kubwa na ndogo zilipangwa kwa makusudi ziachane kwa 32: n ni 110, na N ni 78.

Hapa pana tofauti ambayo Kiswahili kimejaliwa kuwa na maneno yake. Namba ni kiasi. Tarakimu ni alama ya kuandikia kiasi hicho. Namba tano, kama kiasi, katika baiti ni 00000101. Tarakimu 5, kama alama iliyoandikwa, ina nafasi ya 53 katika msimbo, nayo ni 00110101. Karani akiorodhesha namba za simu za wateja katika jedwali la kompyuta, na jedwali likazichukua kuwa kiasi, ile 0 ya mwanzo hupotea, maana kiasi hakina sifuri ya mbele. Simu haipigiki tena. "Namba ya simu", ijapokuwa twaiita namba, kwa kompyuta yapasa kuwa mfuatano wa tarakimu, kwa kuwa hakuna mtu anayeijumlisha.

Nafasi 128 hazikuitosha dunia. Hazikuwa na herufi za Kiarabu, za Kihindi wala za Kichina. Kwa sababu hiyo msimbo mpana uitwao Unicode ulianza kutolewa mwaka 1991, nao unazipa namba herufi za maandiko ya dunia nzima. Nafasi 128 za kwanza ziliachwa kama zilivyokuwa. Kwetu msimbo huu una faida kubwa, kwani Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hati ya Kirumi. Humo zimo hata herufi zilizoongezwa nukta kwa ajili ya sauti ambazo Kiarabu hakina: ya p ina namba 1662, ya ch ina 1670, na ya v ina 1700. Tenzi za kale zaweza sasa kuhifadhiwa kwa herufi zake zenyewe, si kwa picha za karatasi tu.

5. Ritifaa: alama moja, namba tatu

Tahajia ya Kiswahili Sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, haina herufi zenye vialama juu yake. Kikuyu na Kikamba zina ĩ na ũ, ambazo hazimo katika nafasi 128 za kwanza. Kiswahili hakina, kwa hiyo chaonekana kuwa kimesalimika. Lakini kina ritifaa katika ng'. Ritifaa hiyo si pambo wala si kituo. Ni sehemu ya herufi inayoandika sauti moja, nayo hutenga maana: ng'oa ni kutoa kitu kilichojikita, na ngoa ni wivu au tamaa.

Mafundi waliotunga msimbo hawakuiwazia kazi hiyo. Wao waliichukulia kuwa alama ya uandishi, na baadaye programu za kuandikia zikaanza kuibadilisha zenyewe ili ipendeze. Mwandishi abonyeza alama iliyosimama wima, yenye namba 39. Programu yaweka iliyopinda, yenye namba 8217. Jicho la binadamu halioni tofauti ya maana. Kompyuta haina jicho. Ina namba, na 39 si 8217. Kwa njia ya kuhifadhi Unicode iliyoenea sana leo, ng'ombe yenye alama ya wima huchukua baiti 7, na yenye alama iliyopinda huchukua baiti 9, kwa kuwa alama hiyo peke yake hula baiti tatu.

Madhara yake ni ya kweli. Tuchukue mchuuzi wa Vingunguti anayewaarifu wateja wake kwa ujumbe mfupi wa simu bei ya ng'ombe waliotoka mnada wa Pugu. Ujumbe mmoja una nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Msimbo wa kawaida wa simu hutumia biti saba kwa kila alama, kwa hiyo ujumbe hubeba alama 160. Ritifaa ya wima imo katika msimbo huo, iliyopinda haimo. Simu ikiiweka iliyopinda mahali pamoja tu, ujumbe mzima huhamia kwenye msimbo wa biti 16, na nafasi hushuka hadi alama 70. Ujumbe wa alama 100 uliokuwa mmoja sasa ni wawili, na anayelipia kila ujumbe atalipa mara mbili kwa sababu ya neno ng'ombe.

Madhara ya pili ni katika kutafuta. Anayetafuta habari za ng'ombe kwa alama ya wima katika maandishi yaliyopigwa kwa alama iliyopinda huenda akaambiwa hakuna kitu. Programu nyingine hulikata neno mahali pa ritifaa, zikahesabu ng kuwa neno na ombe kuwa neno jingine. Kwa mtunga kamusi anayehesabu maneno kwa kompyuta, hesabu hiyo imeharibika.

La tatu ni zito zaidi, maana lagusa watu. Yako majina mengi nchini, hasa ya Wasukuma, yanayoanza kwa Ng'. Jina la mwananchi likiandikwa katika daftari moja kwa 39, katika jingine kwa 8217, na katika la tatu bila ritifaa yoyote, mashine inayolinganisha madaftari hayo yaweza kumwona kuwa watu watatu. Ndipo mwenye jina aanze kuzunguka ofisi kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, na kosa si lake.

Unicode yenyewe ina namba ya tatu, 700, iliyotengwa kwa ajili ya ritifaa inayotumika kama herufi. Kwa maana ya lugha hiyo ndiyo inayotufaa zaidi. Lakini vibonyezo vya kawaida haviitoi kwa urahisi, wala haimo katika msimbo wa kawaida wa simu. Kwa hiyo kuchagua kati ya namba hizi ni kupima usahihi wa lugha na urahisi wa mtumiaji, na uzoefu wa kupima hivyo ndio kazi ya vyombo vya kusanifu lugha.

6. Kuhusu istilahi

Katika maelezo haya tumetumia biti na baiti. Ni maneno ya mkopo, mafupi, yanayotamkika kwa Kiswahili, wala hatuoni faida ya kuyatafutia badala. Msimbo ni neno linalotosha. Tarakimu na namba zitumike kwa kutofautishwa kama tulivyoonyesha, hasa katika vitabu vya shule.

Kwa mfumo wa alama mbili, wapo wanaopendekeza jozi. Kwa maoni yetu neno hili litapotosha. Jozi ni vitu viwili viendavyo pamoja, kama viatu. Katika biti mbili hizo haziwi pamoja kamwe, bali moja huwapo mwenzake asipokuwapo. Tena mwanafunzi atachanganya namba jozi na namba shufwa, yaani zinazogawanyika kwa mbili. Binari, neno la mkopo, halina hatari hiyo. Na pale ambapo msomaji ni wa kawaida, mfumo wa mbili kwa kulinganisha na mfumo wa kumi hueleweka mara moja.

Kuhusu mashine yenyewe, Tanzania imezoea kompyuta, na Kenya hutumia pia tarakilishi. Neno hili la pili lina sifa moja: ndani yake yasikika tarakimu, nayo inamkumbusha msomaji kwamba kila kitu ndani ya mashine hiyo, hata barua na shairi, kimeandikwa kwa tarakimu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kompyuta haina lugha. Ina mawe yaliyowekwa na yasiyowekwa, na maana ya mawe hayo hutoka katika mapatano ya watu. Pale ambapo sisi hatukupatana, mashine haiwezi kutupatanisha. Kwa hiyo twatoa mapendekezo matatu. Kwanza, mwongozo wa tahajia ya Kiswahili utaje ritifaa ya ng' kwa namba yake, na kwa matumizi ya sasa namba hiyo iwe 39, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika kila kibonyezo na kila simu. Pili, wanaotunga programu za kutafuta na za kuandikisha watu watakiwe kuzihesabu 39, 700 na 8217 kuwa alama moja zinapofuata ng. Tatu, wahariri na wapiga chapa wazime badiliko la alama lijiendeshalo wanapoandika Kiswahili.

Wasomaji wenye maoni mengine, hasa walimu, wahariri na mafundi wa kompyuta, wanaombwa kuyaleta kabla mazoea hayajawa magumu kama jiwe. Neno likikosewa katika kitabu hurekebishwa katika chapa ya pili. Likikosewa katika madaftari ya mashine za nchi nzima, kila daftari litadai kurekebishwa peke yake.